Visado Arobaini na Nane

Mtu akitoka kwenye mtihani wa hisabati akakuambia "nimefeli", usimwamini. Wanaolia ndio waliopata themanini, na wanaosema "mbona rahisi" ndio ambao wazazi wao wataitwa shuleni. Darasa letu zima la saba, pale Mwika, tulikuwa waongo wa namna hiyo. Kila mmoja alimchungulia mwenzake ajue anaficha nini, na mimi nilikuwa wa kwanza kwa kuchungulia. Sijisifu. Nina roho ya kushuku tangu utoto. Mama alikuwa akisema mtoto huyu ukimpa chai anachungulia kwanza ndani ya kikombe aone nani kamtangulia.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ya mtihani wa majaribio wa wilaya. Haukuwa mtihani wa mwisho, lakini kwangu mimi ulikuwa zaidi ya wa mwisho, kwa sababu ya usharika. Kila mwaka usharika wetu ulikuwa ukimsomesha mtoto mmoja wa shule yetu, sekondari ya bweni, kidato cha kwanza hadi cha nne, pamoja na sare na godoro. Mmoja tu. Wazee wa kanisa waliangalia matokeo ya majaribio, jina likasomwa Jumapili mbele ya watu wote. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao, ingawa ikifika zamu ya jina langu alikuwa anatoka nje, maana watu wa kwetu wana midomo. Mwaka ule walimu walishasema wazi kwamba tumebaki wawili, mimi na mgeni.

Mgeni ndivyo tulivyomwita. Alikuja darasa la tano akitokea chini tambarare, kwenye mashamba ya miwa, ambako baba yake alikuwa mkata miwa. Si Wachagga, walitoka mikoa ya katikati huko. Mama yake mdogo alikuwa ameolewa kwetu, akamchukua amsaidie ng'ombe na watoto. Miaka miwili ilipita, akawa anasikia Kichagga vizuri kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nacho, bado ni mgeni. Akigeuka tulimwita chasaka, neno letu baya la kumwita mtu asiye wa kwetu. Sikulianzisha mimi neno hilo, lakini nililitumia, na nililitumia vizuri.

Mimi nikikosa ile nafasi ningeenda shule ya kata kwa miguu na kurudi nyumbani kula kiburu cha mama, ndizi zetu za maharage. Yeye akikosa, anarudi kambi ya wakata miwa kulea wadogo zake. Shule ya kata ni bure, ndiyo, lakini anayekulaza na kukulisha si bure, na mama yake mdogo alishatamka kwamba darasa la saba likiisha, basi. Hayo nilikuwa nayajua. Nisije nikajifanya hapa kwamba sikujua.

Basi, tukatoka kwenye chumba cha mtihani. Karatasi za maswali zilikusanywa pamoja na za majibu, hakuna kutoka na hata kipande, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Kabla ya kuingia tunagawana: wewe kariri la kwanza mpaka la tano, wewe la sita mpaka la kumi. Ukitoka, mdomo umefungwa, hakuna salamu wala maji, moja kwa moja nyuma ya jiko la shule, unayatema kabla hayajayeyuka. Kiranja wetu, msichana mrefu mwenye mwandiko mzuri, aliandika namba na majibu ukutani kwa mkaa. Kila swali likitajwa, kila mtu anasema alichoweka, na hapo ndipo utaona watu. Huyu anasubiri wenzake waseme kwanza. Yule anasema "mimi nilibahatisha" huku macho yanacheka. Mwingine anabadilisha jibu lake palepale, na ukimwangalia anaanza kufunga kamba za viatu.

Tulifika la thelathini na moja bila ugomvi. Aliyelikariri akalitema: mfanyabiashara alinunua madebe kumi na mawili ya maharage, debe moja ni lita ishirini, kisado kimoja ni lita nne, akayauza yote kwa visado. Je, aliuza visado vingapi?

"Sitini!" darasa likaitika kama linaimba pambio.

"Arobaini na nane," nikasema mimi.

Walinicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hata wale wa mkiani, ambao kwa miaka saba walikuwa wananiomba majibu, walipata sitini. Na nilijua palepale nilivyokosea, nikataka ardhi inimeze. Bibi yangu, mama yake baba, aliuza maharage sokoni kila Jumamosi, na kipimo chake kilijulikana. Wengine walisawazisha kisado kwa kiganja, na wapo waliogonga kitako cha kopo kiingie ndani ili kimeze kidogo. Bibi alijaza kilele mpaka maharage yanamwagika, kisha anaongeza na konzi. Debe la bibi liliisha kwa visado vinne, siyo vitano kama kwa watu wengine. Tangu najifunza kuhesabu nilijua debe ni visado vinne. Nilipoona kumi na mbili na neno debe sikusoma hata hizo lita, nikazidisha kwa nne kichwani, nikasiliba herufi A kwa penseli, nikaenda mbele. Fahari ya kujua haraka, ndiyo hiyo.

Kicheko kilipopungua, mgeni akasema taratibu, "Na mimi nimeweka arobaini na nane."

Mtu akaguna, "Mmh, hilo jibu limetembea."

Nataka mnielewe. Alikuwa ameketi nyuma yangu, upande wa kushoto, na mimi naandikia kulia, karatasi yangu yote iko wazi kwake. Sitini mtu yeyote angeipata. Lakini arobaini na nane? Hiyo ilitoka kwenye kopo la bibi yangu. Mtoto wa wakata miwa angeitoa wapi? Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Umenipiga chabo!" nikapiga kelele. "Wee mgeni, umeniangalizia!"

"Sijakuangalizia."

"Haya, tuambie. Umeipataje? Sema mbele ya watu!"

Alifungua mdomo. Akaniangalia mimi, si wale wengine, mimi hasa, halafu akaufunga. "Nimekosea tu," akasema.

"Thubutu! Mnakosea wawili, kosa moja, herufi moja? Mwizi wewe!"

Darasa zima lilisikia, na nadhani hata wapishi walisikia. Hakulia. Angelia, labda ningepoa, maana mimi hasira zangu ni za moto wa mabua. Alisimama tu ameshika rula yake, na ule ukimya nikausoma kama kukiri.

Sikuishia hapo. Nilikwenda ofisini kwa mwalimu wa hisabati kabla karatasi hazijapelekwa kusahihishwa. Shikamoo mwalimu, marahaba, nikamwaga yote. Mwalimu yule alikuwa mtu wa haki, hana haraka. Alizitoa karatasi zetu mbili, akaziweka sambamba, akashuka na kalamu swali kwa swali.

"Mnafanana kila mahali," akasema.

"Mwalimu si unaona!"

"Tulia. Watu wawili wakipata yote lazima wafanane, hilo si kosa. Mimi naangalia mlipokosea." Akagonga la thelathini na moja. "Mmekosea hapa tu, na mmekosea pamoja. Na pembeni hakuna hesabu yoyote, kwako wala kwake. Wewe umeipataje?"

Nikamweleza kipimo cha bibi. Akacheka kidogo, kwa sababu sokoni hakuna asiyejua kile kilele. Halafu akamwita mgeni na kumuuliza swali lilelile. Mgeni aliangalia sakafu.

"Nimekosea tu, mwalimu."

"Mwenzako amekosea na ana sababu. Yako ni ipi?"

Kimya.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mwanangu. Mimi sitaki kukuonea."

Akatikisa kichwa. Alama zake za hisabati zikafutwa. Shule nzima ingeweza kuingia kwenye matatizo kwa wizi wa mtihani, mwalimu alisema, hata kama ni wa majaribio. Na bila hisabati, jina lake halikuwa na pa kusimama kwenye orodha ya usharika. Nilitoka ofisini nikiwa nimeshinda, na nisiwadanganye, niliona raha.

Lakini mtu anayeshuku hashibi. Nilianza kumchunguza. Jumamosi tulikuwa na tuisheni pale shuleni saa mbili asubuhi, na yeye siku zote alikuja saa nne, anahema, mikono ya sweta ina vumbi jeupejeupe. Alikuwa akitokea wapi? Mama yake mdogo tulipomuuliza siku moja alisema mtoto hutoka alfajiri. Enhe! Nikawaambia wenzangu kuna mtu anampa karatasi. Nikasema pengine kuna mwalimu wa shule nyingine huko barabarani. Nilisema mengi, na kila nililosema kesho yake lilirudi kwangu limenenepa, nami nikaliamini kana kwamba nimelisikia kwa mwingine.

Jumamosi iliyofuata sikwenda tuisheni. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimejibanza kwenye migomba karibu na kwao, ukungu umelala chini, miguu imelowa mpaka magotini. Akatoka. Nikamfuata kwa mbali. Alivuka mfereji, akapanda njia ya sokoni, akazunguka nyuma ya vibanda, akaingia kwenye moja ya stoo ambazo wafanyabiashara wanahifadhi magunia. Nilijua stoo ile. Nilisogea mpaka kwenye ubao wenye ufa.

"Kilele, mwanangu, weka kilele," sauti ikasema ndani. "Usimnyime mtu chakula."

Ilikuwa sauti ya bibi yangu.

"Vinne, bibi," mgeni akajibu. "Debe hili limeisha."

Jamani, mnajua nilichofikiri kwanza? Sikufikiri, "Kumbe." Nilifikiri, ala, mpaka bibi ananiibia! Nikasukuma mlango kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa, nikawakuta. Mgeni alikuwa amepiga magoti, anachota kwa kile kisado cha bibi na kumimina kwenye mifuko ya kitambaa iliyopangwa ukutani. Bibi alikuwa ameketi kwenye gunia, mkono wake wa kulia umefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Aliponiona alijaribu kuutoa, ukagoma njiani.

"Shikamoo bibi," nikasema, maana hata kwenye moto mtu husalimia.

"Marahaba," akajibu, akaufunga mlango kwa mguu. "Uko peke yako? Baba yako hayupo?"

Bibi alianguka masika, kwenye utelezi wa mfereji. Bega halikupona. Hakusema nyumbani, kwa sababu baba alikuwa ameapa kwamba mama yake akianguka tena, soko basi, atakaa nyumbani aangalie kuku. Na bibi bila soko, alisema mwenyewe, ni mtu anayesubiri jeneza. Hakuweza tena kunyanyua kisado kilichojaa. Siku moja mgeni alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamkuta anahangaika, akaweka mzigo chini akampimia. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi kabla soko halijachangamka, anapima mifuko yote, anaondoka. Bibi anabaki akiuza kwa mkono mmoja, mfuko baada ya mfuko. Na sisi nyumbani tulikuwa tunamtania kwamba siku hizi amekuwa wa kisasa, anauza vilivyofungwa! Mimi, mwenye macho ya kuchungulia kila kitu, sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Nimemwapisha kwa Biblia," bibi akasema. "Asimwambie mtu, na zaidi asikuambie wewe, maana mdomo wako naujua. Ameshika kiapo?"

"Ameshika," nikasema.

Nikamwangalia mgeni. Akatikisa kichwa kidogo, kuniambia nisiendelee. Hakuwa amemwambia bibi chochote kuhusu mtihani. Bibi hakujua kwamba yule mtoto anayempimia maharage ameitwa mwizi na mjukuu wake.

Nje, tukiteremka, nilimshika sweta. "Kwa nini hukumwambia hata mwalimu?"

"Mwalimu na baba yako wanakaa benchi moja kanisani."

"Basi ungeniambia mimi!"

"Ungenivuta pembeni ukaniuliza, ningekuambia kamuulize bibi yako." Akaitoa sweta yake mkononi mwangu. "Wewe uliniuliza mbele ya watu."

Aliingia tuisheni saa nne, anahema, na mimi nilirudi nyumbani nikalala nikasema naumwa tumbo.

Mngetarajia nilikimbia kwa mwalimu siku ileile. Sikukimbia. Jina lilikuwa lisomwe Jumapili ya wiki iliyofuata, na kila siku nilijipa sababu mpya. Nikisema, bibi anapoteza soko. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya mchana, nzuri kabisa, unaweza kuivaa kanisani. Sababu ya pili sikuwa naitaja: nikisema, ninapoteza bweni. Nilianza hata kumshuku upya. Nikajiuliza, na kama alijua mapema kwamba kumsaidia bibi kutamletea faida? Na kama ananingojea Jumapili aniumbue mbele ya usharika? Shuku ni kama kupe, ukishamzoea hata humsikii akinyonya.

Jumatano, kwenye sala ya jioni, baba alimshukuru Mungu kwa ajili ya binti yake mwenye akili na mwaminifu. Neno "mwaminifu" lilinipiga. Niliona aibu mpaka nikashindwa kusema amina, na mama akanipapasa shingo akidhani nina homa.

Kesho yake nilipompelekea bibi chakula nilimwambia yote, chabo, mwalimu, alama zilizofutwa, orodha ya usharika. Bibi aliweka kijiko.

"Ulinikuta stoo Jumamosi."

"Ndiyo, bibi."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Akahesabu kwenye vidole vya ule mkono mzima, kimoja kimoja, huku ananiangalia: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Vilikuwa vitano. Angenichapa ningeumia kidogo kuliko pale. Kisha akaniagiza nikamwite baba shambani, naye akajifunga kitenge kingine kipya, na tukapanda shuleni watu watatu, baba akiuliza kila hatua kuna nini, hakuna anayemjibu.

Mbele ya mwalimu bibi aliufungua mkono wake, akauacha uning'inie waone. Akasema, "Huyo mtoto arobaini na nane ameitoa kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha debe ni visado vinne, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Mwandike jina lake mlikolifuta." Mwalimu alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema jibu bado ni kosa, lakini ni kosa la uaminifu, na alama zingine anarudishiwa. Baba hakupiga kelele. Alimshika bibi kiwiko, upande mzima, akasema kwa upole, "Mama, soko basi." Na kweli lilikuwa basi. Jumamosi hiyo ufunguo wa stoo ulirudishwa kwa mwenyewe.

Jumapili jina lililosomwa lilikuwa la mgeni. Alinizidi alama tatu, za Kiswahili. Nilipiga makofi na wengine, na machozi niliyotoa watu walidhani ni ya furaha, nikawaacha wadhani.

Bibi hakunisema hata siku moja. Ila mchana ule, tulipotoka kanisani, aliniita mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, penye safu ya masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka. "Mimi nimeshalipa," akasema. "Wewe bado." Akakata jani moja refu, akalipiga fundo kwa meno na mkono mmoja, akanipa. Kwetu Wachagga, aliyekukosea akikuletea isale limefungwa fundo, humkatai. Hata kama amekuchomea nyumba. Unalipokea, na neno limekwisha, wala halirudiwi tena. Sijui mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kulikataa.

Nilimkuta mgeni bandani, anakatakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Mama yake mdogo alikuwa anaosha ndoo za maziwa. Niliinamisha kichwa, nikalinyoosha isale kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikangoja. Alilipokea, akaligeuza, akalinusa.

"La ng'ombe?" akauliza. "Mbona ng'ombe hawali haya?"

Yesu na Maria, na sisi ni Walutheri! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama mdogo akajibu kwa niaba yangu, bila kuacha kusugua ndoo. "Anakuomba msamaha. Ndivyo wanavyofanya hawa. Ukishalishika hukatai."

"Hata kama hajasema kitu?"

"Hata kama hajasema."

Mgeni akaliangalia lile jani, akaniangalia mimi. Halafu akalirudisha mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. "Kwetu mtu anaomba kwa mdomo," akasema.

Mdomo wangu, ule ambao bibi alikuwa anaujua, ulikauka. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila hata sentensi moja, nimetegemea jani linisemee. Mwisho nikasema kwa sauti ya chini, "Nilikusingizia. Nisamehe."

"Siku ile hukusema hivyo," akajibu.

"Vipi?"

"Siku ile ulisema kwa sauti. Wapishi walisikia." Akashika panga lake, akaendelea kukata. "Kesho mstarini. Sema kama ulivyosema siku ile."

Usiniulize usiku huo nililalaje. Asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, nilinyoosha mkono, mwalimu wa zamu akaniruhusu, nikaenda mbele ya shule nzima, mpaka watoto wa chekechea wanaopanga mstari kwa kushikana mashati. Nilisema. Nilisema kwamba nilimwita mwizi na si mwizi, kwamba nilijua ukweli siku tano nikanyamaza kwa sababu nilitaka nafasi yake, na kwamba tulimwita chasaka na mimi nililisema kuliko wote. Nikasema nisamehe, kwa nguvu.

Mistari yote iligeuka kumtazama yeye. Watoto wadogo wakaanza kukohoa. Kisha akajibu, kwa sauti ya kufika mstari wa mwisho, "Nimesikia."

Nilibaki nimesimama pale mbele, nangoja neno la pili, lile la nimekusamehe, mpaka mwalimu akaniambia nirudi kwenye mstari. Januari aliondoka na tranka lake kwenda bweni. Tumeshakutana mara kadhaa tangu hapo, mjini Moshi, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, na kila mara nimengoja. Hajalisema.